"Sindano hiyo wamepiga marufuku Ulaya, mwanangu hachomwi"

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Ujiji. Nauza dagaa. Nanunua Kibirizi alfajiri, naanika, nikishapata wakavu nawapeleka soko la Mwanga. Mume wangu ni fundi wa boti za mbao. Hatuna makuu lakini hatulali njaa.

Tatizo langu ni binti yangu wa pili. Ana miaka 6 na miezi 8, yuko darasa la kwanza. Mwaka jana, kabla ya Ramadhani, nilikuwa namwogesha, mkono wangu ukagusa kitu kigumu chini ya chuchu yake ya kushoto, kama punje ya karanga. Akaruka, akasema "Mama, unaniumiza." Nikadhani ni jipu, nikamkanda na maji ya moto. Baada ya miezi michache na upande wa kulia ukafuata. Sasa ni matiti kabisa, Shangazi, si ya kufikirika. Vinyweleo vimeanza kutoka, na akirudi shule jasho lake linanuka kama la mtu mzima. Urefu ndio usiseme, amempita kaka yake wa miaka 9. Baba yao huwapima kila Idi kwenye mwimo wa mlango, anachora kwa ile penseli yake ya kazi. Kutoka Idi hadi Idi amepanda sentimita 9.

Shuleni wavulana wanamwita "mama". Amechukua pulovari la kaka yake, analivaa kutwa nzima juu ya shati la shule, na wewe unalijua joto la huku. Nikimwambia alivue analia. Juzi nilikuwa naye sokoni, mwanaume mmoja mteja wangu akamwangalia juu mpaka chini, akaniuliza, "Mdogo wako huyu yuko sekondari gani?" Mwili ulinisisimka.

Nikampeleka hospitali. Walimpima damu, wakapiga picha ya eksirei ya mkono wa kushoto. Daktari akaishikilia dirishani, akanionyesha vifundo vya vidole, akasema mifupa hii ni ya mtoto wa miaka 10. Akasema ni balehe ya mapema. Ametuandikia rufaa kwenda Dar kwa daktari bingwa, na akasema huko huenda wakamwanzishia sindano za kusimamisha balehe mpaka afikie umri wake. Mimi nikafurahi kwamba kuna dawa. Upatu wangu umetoka, nauli ninayo.

Sasa shemeji yangu aliyeko Dar akamtumia mume wangu klipu kwa wasapu. Inasema Uingereza na Marekani wamezipiga marufuku sindano hizo kwa watoto kwa sababu ni za kugeuza jinsia, na eti zikikataliwa huko zinaletwa Afrika. Mume wangu aliposikia hivyo, akaichukua ile karatasi ya rufaa akaiweka juu ya kabati. "Wazungu wenyewe wamekataa, mwanangu hachomwi." Mama mkwe naye anasema huyu si mgonjwa, amekua tu mapema kama wanawake wengine wa ukoo wao, na akivunja ungo yeye ana kungwi wake tayari, mwali achezwe mambo yaishe.

Shangazi, wewe umekuwa muuguzi, nambie ukweli. Kama dawa ni nzuri, kwa nini wenye nazo wazikataze? Mwanangu atakuja kuzaa? Atabaki mwanamke? Siku ya kliniki imebaki wiki tatu.

Mama wa watatu, Ujiji

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kalamu ikiwa mkononi, maana wiki tatu si nyingi na Dar si karibu.

Nianze na klipu. Shemeji yako hakutunga, marufuku ipo kweli. Ila aliyeitengeneza amekata kipande akaacha kipande, na hicho kilichoachwa ndicho kinachomhusu mwanao.

Mjadala wa Uingereza ni wa watoto ambao mwili wao unabalehe kwa wakati wake kama wa wenzao, lakini mtoto mwenyewe anasema hajioni kuwa wa jinsia aliyozaliwa nayo. Baadhi yao walikuwa wakipewa sindano hizi ili balehe isimame kwanza, yeye na wakubwa wake wapate nafasi ya kutafakari. Daktari wa watoto anayeitwa Hilary Cass akapewa kazi ya kuichunguza huduma hiyo. Aprili 2024 akatoa ripoti yake: ushahidi kwamba dawa inawafaa watoto hao ni dhaifu, na ufanyike utafiti wa maana. Mei mwaka huohuo serikali ikaweka zuio la dharura, na Desemba 11, 2024 waziri wa afya, Wes Streeting, akatangaza kwamba zuio litaendelea bila kikomo na litatazamwa upya 2027. Linawagusa wenye umri chini ya miaka 18 wanaoandikiwa dawa kwa sababu hiyo ya jinsia. Mtoto wa Uingereza mwenye hali kama ya binti yako haguswi nalo. Anaandikiwa sindano hiyo na anachomwa.

Marekani ni hivyohivyo. Jimbo la Tennessee lilipitisha sheria ya kukataza 2023, kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu, na Juni 18, 2025 majaji 6 dhidi ya 3 wakaiacha isimame. Sheria hiyo ndani ya maandishi yake imeitaja balehe ya mapema kwa jina, ikasema hiyo haimo katika katazo. Yaani hao walioikazia kamba dawa hii wamekaa, wamemfikiria mtoto kama wako, wakamwachia mlango wazi kwa makusudi. Mwambie hivyo baba yake, neno kwa neno.

Kuhusu wale watoto wengine, madaktari wenyewe hawajakubaliana. Finland na Sweden zimepunguza sana matumizi, wakati chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kimezipinga sheria za kukataza. Kwa maoni yangu Cass aliuliza swali la haki alipouliza ushahidi uko wapi, na swali hilo hata wewe una haki ya kuliuliza mbele ya daktari yeyote. Kinachoniuma ni klipu zinazowafanya watoto wale kuwa kichekesho. Wale nao wana mama zao, na usiku hawalali kama usivyolala wewe. Hiyo klipu usimrushie mtu mwingine.

Sasa utaniuliza, dawa ni ileile, kwa nini kule ni ugomvi na kwa mwanao si ugomvi? Kwa sababu kwa mwanao kuna kitu kimekwenda mbele ya wakati wake, na dawa inakirudisha kwenye wakati. Msichana akianza kuota matiti kabla ya miaka 8, au mvulana kuanza kubalehe kabla ya miaka 9, madaktari wanasema hiyo ni mapema, itazamwe. Sindano hizi zilianza kutumika kwa watoto wa namna hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1980, na Marekani iliziidhinisha kwa kazi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wasichana wa wakati ule leo ni watu wazima. Wamefuatiliwa, hedhi zao zilirudi, na wamezaa. Kwao ushahidi upo.

Na inavyofanya kazi ni hivi. Ndani ya ubongo kuna sehemu inayotuma ishara kwa tezi ndogo iliyo chini yake. Ishara inakwenda kwa vipindi: inagonga, inanyamaza, inagonga tena. Tezi ikisikia mdundo huo inaziamsha ovari, na ovari zikiamka ndipo matiti, nyonga na hedhi vinafuata. Sindano inaleta ishara ya namna hiyohiyo, lakini mfululizo, bila kunyamaza. Wewe umewahi kukaa karibu na mashine ya kusaga unga? Siku ya kwanza inakutoa masikio, baada ya wiki huisikii tena. Tezi nayo inazoea hivyo, inaacha kuitika, na ovari zinarudi kulala. Sindano ikisimamishwa, kimya kinarudi, tezi inaanza kusikia upya, na balehe inaendelea pale ilipoachia. Hakuna tone la homoni ya kiume humo. Atabaki msichana vilevile alivyo, ila msichana wa miaka 6.

Kwa sababu siku za mwanzo tezi inashtuka kabla ya kuzoea, anaweza kutoka damu kidogo baada ya sindano ya kwanza. Nakwambia mapema ili usije ukapiga kelele ukadhani amevunja ungo. Anaweza pia kulalamika kichwa, au joto la ghafla, au pale alipochomwa pakavimba na kuuma. Pakiwa pekundu na kujaa, rudi hospitali, usipakande nyumbani.

Mama mkwe anasema amekua tu. Nina kisa nataka nikupe, na nikishakupa utajua kwa nini nimeandika barua ndefu.

Mwaka 1988 nilikuwa muuguzi kijana mkoani Tabora, kituo sitakitaja. Mama mmoja akaleta mtoto wa miaka 6 kutoka vijiji vya wakulima wa tumbaku. Mtoto ana matiti na anatoka damu. Sisi sote, bila kuulizana, tulimshuku baba wa kambo. Mtoto akapandishwa kitandani, akaulizwa maswali mbele ya watu wasiopungua sita, na mimi ndiye niliyemshika mguu. Hatukukuta jeraha lolote. Hakupigwa hata picha ya mkono. Tukaandika kwenye daftari "amekua haraka", tukawarudisha kwao, baba wa kambo akiwa ameshapewa jina kijiji kizima. Miaka mingi baadaye, sokoni Tabora mjini, mwanamke muuza karanga akaniita, "Sista, wewe si ndiye ulinishika mguu?" Alisimama, kichwa chake kikanifikia kifuani. Akaniambia darasa la pili alikuwa mrefu kuliko wote, na darasa la saba alikuwa mfupi kuliko wote. Aliacha shule kabla ya mtihani kwa sababu ya wanaume wa njiani. Nilinunua karanga zake zote siku ile, na haikunisaidia kitu.

Hiyo ndiyo maana ya ile picha aliyokuonyesha daktari dirishani. Kwenye ncha za mifupa ya mtoto kuna gegedu, hapo ndipo urefu unapotoka. Homoni za balehe zinaurusha mwili juu kwa haraka, kisha zinaigeuza gegedu ile kuwa mfupa mkavu, na ikishakauka basi, hakuna dawa ya kuifungua. Mtoto wa umri wa binti yako kwa kawaida anaongezeka sentimita 5 au 6 kwa mwaka. Wako ni 9. Anakopa urefu wa kesho anautumia leo, na mifupa yake imeshakimbia zaidi ya miaka 3 mbele.

Huko Dar hawatakimbilia sindano, na wala usitake wakimbilie. Kwanza watatafuta chanzo. Kwa wasichana wengi hakionekani, ubongo umejiwahi tu, lakini kwa wachache kuna uvimbe kichwani au shida ya tezi nyingine, ndiyo maana wanaweza kuagiza picha ya ubongo au utrasaundi ya ovari. Kuna aina ambayo haitoki kwenye ubongo kabisa, na hiyo sindano hii haiitibu. Kwa hiyo waeleze kila kitu: kama nyumbani kuna vidonge vya uzazi wa mpango mtoto anavyoweza kuvifikia, kama mnampaka mafuta au krimu za kuchubua zisizojulikana zina nini, kama bibi yake amempa dawa ya miti shamba. Usione aibu. Watamwuliza pia mtoto, faraghani, kama kuna mtu amemgusa. Hawakutuhumu wewe wala baba yake, wanatakiwa waulize. Balehe ya mapema si ushahidi kwamba mtoto amechezewa, na majirani wakianza kunong'ona hivyo, wajibu bila kuogopa.

Inawezekana bingwa akasema tusubiri, tumwone tena baada ya miezi 6. Si kila msichana anachomwa. Anayekaribia miaka 8 na anakwenda polepole mara nyingi anatazamwa tu. Mwanao alianza mapema zaidi na anakwenda mbio, kwa hiyo mimi sitashangaa wakimwanzishia. Wakisema ndiyo, swali lako kubwa liwe hili: sindano ni ya kila mwezi au ya kila miezi 3, na je, inaweza kuchomwa hapo Kigoma na muuguzi kwa maelekezo yao? Nani ataileta, inahitaji friji au haihitaji? Maana ikirukwa tezi inaamka, na wewe huwezi kupanda treni ya Dar kila mwezi na ndoo ya dagaa inakusubiri. Kuhusu gharama, kabla hujaanza kuuza vitu vya ndani, nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ukaeleze hali yako. Wapo kwa ajili hiyo. Kwa kawaida dawa inaachwa akifika kama miaka 11, na hedhi inakuja mwaka mmoja au mmoja na nusu baadaye, wakati wenzake nao wanapata.

Sasa baba yake. Usimwone mbaya. Ameambiwa kuna watu wanataka kumdhuru binti yake, naye amesimama mlangoni. Mwanaume wa namna hiyo unamtaka upande wako. Usiondoke kwa siri, kwa sababu hata sindano ya kwanza ikipita, ya pili ataizuia. Msubiri amekula, ametulia, mchukue mpaka kwenye mwimo wa mlango. Huyo ni fundi, hapigi msumeno ubao ambao hajaupima mara mbili. Mwambie aweke futi yake mwenyewe kati ya alama ya Idi ile na Idi hii, halafu afanye hivyohivyo kwa kaka yake. Usiongeze neno. Kisha mwombe mwende wote kwa daktari aliyeandika rufaa, hapohapo Kigoma, na swali la Uingereza aliulize yeye kwa mdomo wake. Kama ana sheikh anayemwamini, aende naye au amwonyeshe maelezo ya daktari. Akikataa kabisa, huyohuyo afisa ustawi wa jamii anaweza kumwita wakazungumza, na hilo si kumshtaki mumeo.

Mama mkwe mpe heshima yake yote, na katika hili usimpe hata inchi. Kungwi ni mtu mzuri kwa mwali, na huyu si mwali. Hata damu ikitoka leo, ni mtoto wa darasa la kwanza ambaye bado anang'oka meno. Muulize kwa upole hao wanawake wa ukoo waliokua mapema walianza wakiwa na miaka mingapi, na wakaishia na urefu gani. Majibu yake yaandike, bingwa atayahitaji, maana hali hii wakati mwingine inatembea kwenye damu ya familia.

Yule mteja wako wa sokoni bado yuko kichwani mwangu. Siku nyingine mtu akiuliza, jibu kwa sauti ya soko zima isikie: "Ana miaka 6." Chini ya miaka 18 ni mtoto, ndivyo Sheria ya Mtoto ya 2009 inavyosema, na anayemwingilia mtoto amebaka, awe na kifua cha namna gani. Nenda pia ukamwone mwalimu wake wa darasa, umweleze kwamba ni hali ya kitabibu na ipo kwenye matibabu, hao wanaomwita "mama" wakome. Na binti mwenyewe mwambie leo, kwa maneno ya umri wake, kwamba mwili wake uliamka mapema kama mtu aliyeamka usiku akidhani kumekucha, na daktari atausaidia urudi kulala. Mwambie hakukosea kitu. Mwambie mtu akimgusa au akimpa hela za pipi njiani, aje akwambie, na hatapigwa.

Karatasi ya rufaa ishushe kabatini uiweke na kadi ya kliniki ya tangu alipozaliwa, pamoja na ile picha ya mkono. Picha usiikunje, ilaze kati ya maboksi mawili.

Na hilo pulovari usimvue kwa nguvu. Mnunulie fulana mbili za ndani za pamba, zinazobana kidogo, na shati la shule saizi moja juu ya lake. Aivae fulana mbele ya kioo, shati juu, ajitazame mwenyewe. Halafu umwache aamue pulovari libaki kwenye msumari au la.

Shangazi